Majenerali Ndani ya Bahasha: Vita vya Kale katika Kadi za Salamu za Guangzhou

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Kadi ya salamu ni waraka uliofupishwa, na picha yake hubeba maneno ambayo mtumaji hakuyaandika. Kwa hiyo kadi za Mwaka Mpya wa Kichina zinazopatikana Guangzhou zinastahili kusomwa kama matini. Miongoni mwa samaki, maua na watoto wanene, wamo majenerali wawili waliovaa deraya, mmoja mwenye uso mweupe na mwingine mweusi, silaha mikononi. Pembeni yao yameandikwa maneno ya heri. Imekuwaje mtu wa vita akawa mjumbe wa amani?

Majenerali hao ni Qin Shubao na Yuchi Gong, waliopigana mwanzoni mwa dola ya Tang, karne ya 7. Ngano husimulia kuwa mfalme wao, Taizong, alisumbuliwa na mizimu usiku. Wawili hao wakakesha mlangoni, naye akapata usingizi. Kwa kuwahurumia, akaamuru wachorwe na picha zao zibandikwe mlangoni badala yao. Foshan, mji jirani wa Guangzhou, ulipata sifa kwa kuchapa picha za namna hiyo kwa vibao vya mbao, katika wekundu uliokolea. Mwaka 2006 sanaa hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya China ya urithi usioshikika.

Historia, hata hivyo, ina jambo ambalo ngano haikulitaja. Mwaka 626, katika lango la Xuanwu mjini Chang'an, Taizong, akiwa bado mwana wa mfalme, aliwavizia ndugu zake wawili. Mmoja alimuua yeye mwenyewe kwa mshale. Wa pili aliuawa na Yuchi Gong. Mlinzi wa mlango, basi, ni mtu aliyemwaga damu langoni. Hapo ndipo penye nguvu ya picha hii: nyumba imekabidhiwa kwa mtu ajuaye vyema jinsi nyumba inavyovunjwa.

Kadi huidhoofisha nguvu hiyo. Mlangoni majenerali huwa kila mmoja kwenye ubao wake, nao humkabili anayetoka nje. Ndani ya bahasha humkabili mpokeaji. Mlinzi amegeuzwa kumtazama mwenye nyumba, na kitisho kilichokusudiwa kwa adui kimebaki kuwa rangi ya kupendeza.

Upungufu kama huo huonekana pale picha za kadi zinapochukuliwa kutoka Jumba la Ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894 na ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa za jadi za Guangdong. Kwenye ukuta wake wa mbele imo michongo mikubwa ya matofali: Liu Qing, shujaa wa visa vya zama za Song, akimtiisha farasi mkali, na waasi wa Liangshan wakikusanyika. Mafundi walichonga tofali moja moja, kisha wakayaunganisha, wakajaza mandhari kwa makumi ya watu. Kamera ikimtenga shujaa mmoja, umati hutoweka, na hoja ya mchongo hutoweka nao: kwamba ushujaa ni jambo la hadharani, lenye mashahidi.

Lakini ukimya mkubwa zaidi ni wa vita vilivyoingia Guangzhou kwenyewe. Mwaka 879 jeshi la Huang Chao liliuteka mji huu, ambao Waarabu waliuita Khanfu. Abu Zayd wa Siraf, akiandika mwanzoni mwa karne ya 10, alitaja Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Wamajusi 120,000 waliouawa. Idadi hiyo inatiliwa shaka na wanahistoria, lakini maafa yenyewe ni ya kweli. Waliouawa walikuwa wageni wa biashara, watu wa Bahari ya Hindi ile ile iliyowaleta wafanyabiashara wa Siraf kwenye pwani yetu. Katika kadi nilizoziona, vita hivyo havimo. Kadi huchagua vita vyenye washindi wa kupendeza, na kuviacha vile ambavyo vimebaki na idadi ya maiti tu. Kwa Mswahili anayefanya biashara Xiaobei leo, uchaguzi huo si jambo dogo, kwani walioachwa nje ya picha ndio waliomtangulia katika mji huu.

Fasihi yetu nayo imerithishana vita vya kale kama tunu. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Lakini utenzi huo huanzia kwenye msiba, kifo cha Jaafari, na kisasi chake ndicho kinachoisukuma safari yote. Msikilizaji hawafikii mashujaa kabla ya kumpitia marehemu. Kadi haina njia kama hiyo. Humkabidhi mpokeaji shujaa ambaye tayari ameoshwa damu.

Sisemi kadi hizi zisitumwe. Nasema zina upande wa ndani ulio mtupu, na utupu huo ni nafasi. Anayemtumia mama yake kadi kutoka Guangzhou hadi Mombasa au Unguja anaweza kuandika, kabla ya maneno ya heri, jina la jenerali yule na kisa cha lango la Xuanwu. Mama atajua kwamba amani anayotakiwa ina gharama yake, na kwamba kuna aliyeilipa.