Pembe katika Nembo na Pembe katika Hadithi

Katika maandishi ya wahakiki na wafasiri wetu, maneno alama, ishara na nembo hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Mnyama akionekana kubeba fahari ya watu katika riwaya, mmoja humwita alama, mwingine nembo, na wa tatu hutumia yote mawili katika aya moja. Sisi twaona kwamba mchanganyiko huu huharibu usomaji wenyewe wa kazi ya sanaa.

Tulilitambua hilo huko Madibira, wilayani Mbarali, tulipokuwa tukisoma pamoja na walimu kadhaa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa mwaka 1967 ya kisa cha George Orwell cha mwaka 1945. Katika kisa hicho wanyama humfukuza bwana wao, kisha huchukua kitambaa cha meza cha rangi ya kijani na kuchora juu yake ukwato na pembe. Ndiyo bendera yao. Mwalimu mmoja akauliza: pembe ya mnyama gani? Mwenzake akamjibu kwamba ndovu hana kwato, basi pembe ile ni ya ng'ombe. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikuliondoa swali. Kiingereza kina neno lake kwa pembe ya ng'ombe na jingine kwa pembe ya ndovu; Kiswahili chatosheka na moja. Msomaji Mtanzania aliyezoea kuiona ngao ya taifa katikati ya pembe mbili za ndovu huingia nazo katika shamba la Orwell. Na kwa mkulima wa mpunga wa Madibira, kando ya bonde la Usangu ambalo sehemu yake iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, ndovu si mchoro wa katika hati za serikali tu.

Hatusemi kwamba ni kosa la mfasiri. Lugha humpa utajiri ambao mtungaji hakuwa nao. Lakini mhakiki atakayesema tu kwamba pembe ni "alama" ataelezaje mwisho wa kisa, pale nguruwe mtawala anapotangaza kwamba ukwato na pembe vimeondolewa, na bendera itakuwa kijani kitupu? Mwanzoni zilikuwa ishara: hata kuku, asiye na pembe wala kwato, alijiona ndani yake. Zilipoingia mikononi mwa watawala zikawa nembo, na nembo huwekwa na kuondolewa kwa amri. Uchungu wa kisa umo humo.

Twiga yu upande wa pili. Ndiye mnyama wa taifa letu. Kichwa chake kilifichwa katika karatasi ya noti zetu za kwanza za mwaka 1966, na ndege za Air Tanzania zaruka naye. Hata hivyo, katika ngano zetu ni nadra kumsikia akisema neno. Anayesimuliwa ni sungura, mdogo na mwongo, ambaye hakuna afisa atakayemchora katika muhuri, na ambaye watoto humshangilia kila anapomshinda simba.

Kwa hiyo twapendekeza nembo itumike kwa mchoro uliowekwa na mamlaka, hata ikiwa ni mamlaka ya kubuni ndani ya riwaya; ishara itumike kwa mnyama ambaye maana yake hujengwa na kisa chenyewe; alama tuwaachie watu wa barabara na wa hesabu. Twajua tutapingwa. Tutaambiwa kwamba hata maofisini husemwa mara ngao ya taifa, mara nembo ya taifa, na mitaani watu husema "bibi na bwana" tu. Hao wa mitaani, angalau, wametaja wanachokiona.