Je, Kibubu Nacho Kihakikiwe?

Katika vikao vyetu vya waandishi chipukizi, "fani na maudhui" imekuwa kama wimbo wa shule: kila mtu anaimba, wachache wanasikiliza maneno. Leo nataka kuipima kwenye kitu ambacho hakimo katika silabasi yoyote, nacho ni kibubu. Sisemi kile cha mbao cha kugongelewa misumari kinachouzwa mitaani kwetu. Nasema vibubu vya udongo vilivyofinyangwa Uingereza katika karne ya 19, zawadi za watoto, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe na mara nyingi mwaka. Siku hizi vimo kwenye makumbusho na minada ya vitu vya kale. Wapo watakaocheka, eti tangu lini chungu kikahakikiwa? Haya, maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya msomaji mmoja tu, tena anayetajwa kwa jina, tuyaite nini?

Tuanze na fani, maana utamu uko huko. Pande za Halifax, Yorkshire, wafinyanzi walitengeneza vibubu vya mviringo vya udongo mwekundu, juu yake wakaweka kuku na vifaranga vyake. Wino wao ulikuwa udongo mweupe uliolainishwa kwa maji mpaka ukawa kama uji, unamiminwa kidogo kidogo kwa kichirizi chembamba, herufi baada ya herufi. Kusini, huko Sussex, walitumia ufundi mwingine: walikandamiza herufi za mpiga chapa kwenye udongo mbichi, kisha wakajaza weupe kwenye vishimo. Wengine walifinyanga kijumba chenye madirisha, au kabati dogo la droo ambazo hazifunguki.

Sasa angalia jambo moja. Jina linaandikwa kabla ya tanuri. Kikishachomwa, basi, hakuna kufuta, hakuna rasimu ya pili. Ndiyo maana katika vyombo vya aina hii utakuta herufi N imeandikwa kinyumenyume, au jina limeanza kwa madaha kisha nafasi ikaisha, herufi za mwisho zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Mimi nayapenda yale yaliyobanana kuliko yaliyonyooka. Unaona mkono wa mtu aliyekuwa na haraka, pengine hakuzoea kuandika, lakini jina la mtoto wa watu alilimaliza.

Maudhui je? Kibubu kinasema neno moja: weka. Vingi havikuwa na mlango wala kifuniko chini, kwa hiyo kazi yake inakamilika siku kinapovunjwa. Wa kale walilijua hilo bila kuumiza kichwa. Mwaka 1989 wachimbuzi walipofukua mabaki ya jumba la michezo la Rose jijini London, lililojengwa mwaka 1587, walikuta vigae vya vibubu vidogo vyenye rangi ya kijani inayong'aa. Watazamaji walilipa, senti zikaingia kwenye vibubu, vibubu vikapasuliwa, mshiko ukahesabiwa. Wanagenzi wa London nao walikuwa na vyao vya Krismasi, vya kupasua vilevile. Vibubu vya namna hiyo havikuhitaji jina. Nani apoteze muda kupamba jina juu ya kitu cha kupiga nyundo?

Kumbe hicho ndicho alichofanya mfinyanzi wa karne ya 19, na hapo ndipo fani na maudhui zinashikana mashati. Mtoto amepewa vitu viwili visivyokaa nyumba moja. Ukitaka senti zako, vunja jina lako. Ukitaka jina lako libaki, zisahau senti. Wenzangu, huo ni mgogoro kamili, tena hauna mhusika mwovu: shangazi alimpenda mtoto, mfinyanzi alifanya kazi yake, mtoto hana kosa. Ni tamthilia ngapi tunazoandika za kurasa mia bila kupata mgogoro safi namna hiyo?

Wajanja walikuwepo, bila shaka. Unageuza kibubu kichwa chini, unapenyeza kisu kwenye mwanya, sarafu inateleza juu ya bapa lake mpaka nje. Hata hivyo, kibubu kizima tunachokiona leo nyuma ya kioo ni kile ambacho hakikumaliza kazi yake. Vilivyomaliza ni vigae, vilishatupwa.

Na hapa nina ugomvi na baadhi yetu. Mpe mwandishi chipukizi kibubu kizima chenye jina la binti na mwaka, tuseme 1850, mara moja atamuua huyo binti. Kifaduro, kitanda, mama analia, kibubu kwenye dirisha. Sikatai kwamba inawezekana. Miaka ile, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Uingereza, karibu 150 hawakufikisha mwaka mmoja. Lakini inawezekana pia alikuwa hodari wa kisu. Inawezekana mama alikiweka juu ya kabati kwa sababu kinapendeza, mtoto akakua, akaolewa, akakisahau. Udongo haukusema. Sisi tumekiita kibubu, na ndani ya neno hilo mnasikia bubu. Tukimsemesha kwa nguvu, hayo ni maneno yetu, siyo yake.

Kuna jambo ambalo halihitaji kubuniwa, nalo ndilo linalonifanya nisivisifu vibubu hivi kwa moyo wote. Mwaka 1859 Edward Akroyd, mwenye viwanda vya nguo wa Halifax hukohuko, alianzisha benki ya akiba ya senti kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1861 ikafuata benki ya akiba ya posta, ambayo haikupokea chini ya shilingi moja, yaani peni 12. Peni moja moja ilibidi zingoje mahali, na mahali pake palikuwa kwenye kibubu. Kwa hiyo kuku yule na vifaranga vyake anahubiri: mtoto mwema huweka akiba.

Akiba ya nini, kwa mtoto yupi? Katika miji ya viwanda vya vyombo ya Staffordshire, ambayo si karakana ndogo kama zile za Halifax, watoto nao walikuwa mafundi. Charles Shaw, aliyezaliwa Tunstall mwaka 1832, alianza kazi akiwa na miaka 7. Alikuwa akikimbiza kalibu zenye sahani mbichi hadi kwenye chumba cha joto la kukaushia, tangu alfajiri mpaka usiku, kwa mshahara wa shilingi moja kwa wiki. Alipozeeka aliandika kumbukumbu za utoto huo, zikatoka kama kitabu mwaka 1903. Kwenye ukurasa wa jina la mwandishi hakujitaja. Aliandika tu kwamba yeye ni mfinyanzi mzee.