Kupima Pedali ya Klachi katika Vilima vya Bukavu

Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi na vilima vya Ziwa Kivu katika mwinuko wa takriban mita 1,500, huichosha klachi kuliko mji wa tambarare, kwa sababu dereva anayepanda kutoka ziwani kuelekea mtaa wa Kadutu hulazimika kusimama na kuondoka mlimani tena na tena, na kila anapoondoka diski ya klachi huteleza kidogo kabla ya kushika. Zaidi ya hayo, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake katika hewa nyepesi ya mwinuko huo, hivyo dereva hukanyaga mafuta zaidi, huachia pedali polepole zaidi, na joto la msuguano hupanda.

Ili kuona jinsi pedali ya klachi inavyopimwa, mfano unaofaa ni Toyota Celica ya miaka ya 1980, gari la michezo ambalo toleo lake la turbo lilishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986. Katika klachi ya mafuta ya magari ya aina hiyo, ambayo mafundi wa Bukavu huiita ambreyaji, pedali husukuma fimbo fupi, fimbo husukuma pistoni ya silinda kuu, na shinikizo la mafuta hufika kwenye silinda ndogo kando ya giaboksi, nayo husukuma uma unaobeba beringi ya kuachia klachi.

Upimaji huanza na kimo cha pedali, yaani umbali kutoka bati tupu la sakafu hadi uso wa pedali, baada ya zulia na mipira yote kuondolewa. Kimo kikishawekwa sawa kwa bolti ya kikomo, ndipo hupimwa mchezo wa pedali, ule mwendo mwepesi wa mwanzoni ambao haujakutana na ukinzani wa klachi yenyewe. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya wakati huo kwa kawaida hutaka mchezo wa milimita 5 hadi 15, na ndani yake milimita 1 hadi 5 ziwe za fimbo peke yake, ambazo fundi huzihisi kwa kuisukuma pedali kwa kidole, wala si kwa mguu.

Milimita hizo chache za fimbo ndizo zinazodharauliwa zaidi, ilhali ndizo zenye uzito mkubwa. Zikikosekana, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kikopo chake hubaki limezibwa, na mafuta yanapopata joto hutanuka bila pa kwenda, yakaendelea kuisukuma beringi hata mguu ukiwa umeondolewa. Gari la namna hiyo huteremka hadi mpaka wa Ruzizi bila kuonyesha kasoro, na ni wakati wa kupanda kurudi mjini ndipo injini hulia kwa kasi huku magurudumu yakibaki nyuma.

Kipimo cha mwisho ni mahali klachi inapoachia. Gari huwekwa mahali tambarare, breki ya mkono huvutwa na magurudumu huzuiwa kwa mawe, kisha injini ikinguruma taratibu gia ya kurudi nyuma husogezwa polepole bila kukanyaga klachi, hadi meno yaanze kusagana. Pedali hukanyagwa polepole, na mahali ambapo kelele inakoma panapaswa kuacha angalau milimita 25 kabla ya pedali kufika mwisho.

Milimita hizo 25 zikipungua, wengi hukimbilia kurefusha fimbo, na hilo ni kosa la gharama kubwa, kwa kuwa chanzo mara nyingi ni hewa ndani ya bomba au silinda ndogo inayovuja. Fundi makini kwanza hufunua mpira wa vumbi wa silinda hiyo: ukiwa umelowa mafuta, silinda hutengenezwa na hewa hutolewa, na nati ya kufungia fimbo haiguswi hadi vipimo vichukuliwe upya.