Kibo ndani ya milimita ngapi?

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, Kilimanjaro. Kilichodumu kuliko sifa za kupanda ni picha walizoshuka nazo. Klute aliupiga mlima picha kutoka vituo mbalimbali, kisha akazigeuza picha hizo kuwa ramani ya sehemu za juu za Kilimanjaro kwa kipimo cha 1:50,000. Wakianzia kwenye ramani hiyo, wanasayansi waliweza kusema kwamba barafu iliyofunika kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka ule ilikuwa imepungua kwa asilimia 85 kufikia 2007.

Kazi ya namna hiyo haitaki lenzi ya kuvuta (zoom). Kupima ardhi kwa picha kunadai urefu wa lenzi (fokasi, ile namba ya milimita) usiobadilika: ukiujua huo, na ukajua umbali kati ya vituo viwili, kinachobaki ni hesabu ya pembetatu. Hata angetaka lenzi ya kuvuta, Klute asingeipata dukani. Zoomar ya Voigtländer, lenzi ya kwanza ya kuvuta kutengenezwa kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35, ilitoka mwaka 1959.

Mpiga picha wa leo wa Old Moshi, kwenye miteremko ya mlima huo, hachori ramani, lakini hesabu ile ile inamfaa kabla hajafungua pochi. Upana unaoingia kwenye picha ni upana wa sensa ukigawanywa kwa urefu wa lenzi, kisha ukizidishwa kwa umbali. Tuchukue kamera yenye sensa kubwa, ya milimita 36, na mtu aliyesimama mahali palipo wazi kiasi cha kilomita 25 kutoka kileleni. Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, vimeachana kwa takribani kilomita 11. Lenzi ya milimita 85 inameza kilomita 10.6 tu, kwa hiyo kilele kimoja lazima kikatwe. Lenzi ya kuvuta ya 70–200, ikiwa kwenye 70, inameza karibu kilomita 13 na vilele vyote viwili vinaingia. Ikivutwa hadi 200 inabaki na kilomita 4.5, na kreta ya Kibo, yenye upana wa kama kilomita 2.4, inajaza zaidi ya nusu ya picha.

Wapenzi wa praimu, yaani lenzi isiyovuta, wana jibu lao la siku zote: tumia miguu. Ushauri mzuri, ila si kwa mlima. Mwenye milimita 85 akitaka upana ule ule wa 70 itabidi arudi nyuma kilomita tano. Atajikuta anaelekea Moshi mjini, na mpaka afike huenda mawingu yameshamfunika Kibo.

Miguu ina kazi kwingine. Kwenye mti wa Tsuduni, Old Moshi, aliponyongewa Mangi Meli, mtawala wa jadi wa hapo, tarehe 2 Machi 1900, mtu anaweza kusogea, kurudi na kuzunguka apendavyo. Milimita 50 au 85 zinatosha kabisa.

Kanisani ndipo mambo yanapogeuka. Ibada ya kipaimara au ndoa haimngoji mpiga picha, na mwanga wa ndani ni haba. Tuseme lenzi ya 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8 inaruhusu kasi ya 1/200 ya sekunde. Lenzi ya kuvuta ya f/2.8, kwa mwanga na ISO ile ile, inashuka hadi kama 1/80. Ile ya bei nafuu, inayoishia f/5.6 ikivutwa, inafika 1/20, na hapo bibi harusi akigeuza shingo uso unakuwa ukungu. Kitulizi cha lenzi hakisaidii: kinazuia mtikisiko wa mikono ya mpigaji, hakimzuii bibi harusi. Wauzaji husahau kulisema hili.

Mbio za Kilimanjaro Marathon ni kinyume chake. Jua lipo la kutosha, wakimbiaji wanakuja mbio kuelekea kamera, na anayesimama kando ya barabara hana nafasi ya kubadilisha lenzi, sembuse kutembea. Huko praimu moja ni kujinyima.

Uzito nao usipuuzwe kwenye miteremko ya Kidia, huko huko Old Moshi. Canon EF 70–200 f/2.8 ya toleo la tatu ina gramu 1,480. EF 85 f/1.8 ina 425 na EF 135 f/2 ina 750; zote mbili pamoja ni 1,175, na bado zinapokea mwanga zaidi. Lakini kila zinapobadilishana nafasi, mwili wa kamera unabaki wazi, na vumbi la Moshi wakati wa kiangazi halibishi hodi.

Kwa anayeishi kwa sherehe za Old Moshi na kuupiga mlima picha asubuhi moja moja, uamuzi wa safu hii ni praimu ya 85 f/1.8 kwanza. Mwenye kamera ya sensa ndogo anunue 50 f/1.8, ambayo kwake inaona kama 75 au 80 na ni nyepesi mno. Lenzi ya kuvuta ifuate, na iwe 70–200 f/4: toleo la pili la Canon EF lina gramu 780, na Kibo hahitaji f/2.8 mchana. Anayetegemea michezo apindue mpangilio huo, aanze na f/2.8 hata kama ni ya mtumba.

Ukiokota ya mtumba, imulike kwa tochi kutoka nyuma kabla ya kulipa. Unyevu huotesha kuvu kwenye vioo vya ndani, na nyuzi zake nyembamba hazionekani kwa mwanga wa kawaida wa dukani. Ukiziona, mrudishie mwenyewe lenzi yake.