Mstari wa Kidole

Mwezi wa saba, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, mpuliziaji mmoja wa dawa alitoka Ruangwa mjini na pikipiki, mashine ya kupulizia ameifunga nyuma kwa mpira, kwenda kwenye shamba la mjomba wangu upande wa Naipanga, wilayani Nachingwea. Alikuwa hajawahi kufika huko. Mjomba alikuwa ameshatangulia shambani, na kule simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya kichuguu. Mpuliziaji alifika bila kupiga simu hata moja. Mkononi alikuwa na picha moja ya WhatsApp aliyotumiwa usiku na binamu yangu, binti wa mjomba: picha ya setilaiti, na juu yake mistari iliyochorwa kwa kidole.

Watu wengi wakiona picha ya namna hiyo huiona kama mchezo wa mtoto. Mistari imepinda, mti umechorwa kama uyoga, maandishi yamelala upande. Mimi nimeitazama mara nyingi tangu siku ile, na ninaamini ni kazi ya ufundi kamili. Nilimwomba binamu anioneshe upya alivyoifanya, hatua kwa hatua, na nikagundua kwamba karibu kila alichokifanya kina sababu, hata pale ambapo mwenyewe hakuweza kuieleza.

Kwanza, kwa nini asitume tu lokesheni? Nilimuuliza hivyo. Akajibu, "Kaka, lokesheni inamwambia shamba liko wapi. Haimwambii apite wapi." Hapo ndipo penye tofauti yote. Kidude kile chekundu cha kwenye ramani ni mahali, si njia. Tena kukifungua kunahitaji bando na mtandao kwa wakati uleule, wakati picha ikishapakuliwa usiku mjini Ruangwa, asubuhi inafunguka hata katikati ya pori. Programu za ramani nazo zinajua barabara zilizowahi kuandikishwa humo. Vijia vya mashambani, vile vinavyopita kati ya mikorosho ya mtu na mtu, vingi havimo.

Basi alifungua ramani nyumbani, akaiweka kwenye mwonekano wa setilaiti, akaivuta kwa vidole viwili mpaka Stesheni, mahali pa kuanzia safari, na shamba vikaenea vyote kwenye kioo, kimoja juu, kingine chini. Halafu akateremsha vidole vitatu kwa pamoja juu ya kioo. Simu yake ni Tecno ya bei ya kawaida, na vidole vitatu ndiyo njia yake ya mkato ya kupiga skrinishoti. Kwenye simu nyingine nyingi za Android ni kubonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua mengine yote. Ukikata picha kabla ya kuivuta vizuri, shamba linakuwa nukta na kidole chako kinalifunika lote. Ncha ya kidole ikigusa kioo inachukua karibu sentimita nzima, na inaficha palepale unapotaka kuchora. Kwa hiyo uamuzi wa ukubwa hufanyika kwenye ramani, kabla ya kalamu.

Kalamu yenyewe WhatsApp waliiweka mwaka 2016, kwa ajili ya watu kupamba picha zao. Wazo la kuchora moja kwa moja kwenye kioo ni la zamani zaidi: mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionesha programu yake ya Sketchpad, ambayo mtu aliichorea kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini ya kompyuta iliyojaza chumba. Leo kazi ya namna hiyo inafanywa na kioo kinachohisi umeme wake mdogo ukibadilika kidole kinapogusa. Mara nyingi kwa kila sekunde kinaripoti kidole kiko wapi, programu inaziunga zile nukta, kisha inazilainisha ili mstari usionekane na meno. Ukichora haraka, nukta zinakuwa chache na kona zinakatwa. Ukichora polepole sana, mtetemo wa mkono unaingia. Binamu alichora kwa mwendo wa kuandika jina lake, na kila penye kona aliinua kidole.

Hilo la kuinua kidole nililistaajabia. Nilidhani anapumzisha mkono. Kumbe amejifunza mwenyewe kwamba kishale cha kutengua kinafuta mchoro wa mwisho tu, tangu kidole kilipogusa mpaka kilipoinuka. Ukichora njia yote kwa mkupuo mmoja na ukakosea mwishoni, unapoteza yote. Ukiigawa vipande vifupi, kosa linagharimu kipande kimoja. Wachoraji wa kompyuta wanaolipwa kwa kazi hiyo hufanya vilevile.

Sasa rangi. Alianza na nyekundu, kama wengi wetu, kisha akaifuta na kuchukua njano, mstari mnene. Sababu yake: "Nyekundu ilikuwa inapotea." Alikuwa sahihi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ardhi yenyewe. Udongo mwekundu wa huko, njia ikipita juu yake, unaumeza mstari mwekundu. Ya pili imo ndani ya picha. Picha za JPEG, ndizo tunazotumiana kila siku, zinahifadhi mwanga na rangi kwa mafungu mawili. Kwa kuwa jicho la mtu linagundua upesi tofauti ya mwanga kuliko ya rangi, fungu la rangi kwa kawaida hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, hivyo kila nukta nne zinagawana rangi moja. Mstari mwembamba mwekundu juu ya kijani kizito cha mikorosho unatofautiana nacho kwa rangi, lakini kwa mwanga vimekaribiana. Picha ikibanwa ili itumwe, rangi ndiyo inayotoka imechafuka, na mstari unageuka ukungu wa kahawia. Njano na nyeupe zina mwanga mwingi kuliko majani, zikibanwa zinabaki. Zaidi ya hayo, wako wanaume ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, na dereva anaitazama picha hiyo juani saa nne asubuhi, kioo kikiwa na vumbi.

Mstari ulipokamilika alifanya kazi ambayo hakuna setilaiti ingeweza kumfanyia. Picha ilionesha njia mbili kutoka mahali barabara inapogawanyika. Ya kushoto ni pana, imenyooka, na mgeni yeyote angeichagua. Akaikata kwa alama ya X na kuandika neno moja: korongo. Mvua za masika zilikuwa zimeichimba, na pikipiki yenye mzigo haivuki. Kwenye ile ya kulia akachora mti, kwa sababu pale pana mwembe mkubwa ambao kutoka angani ni doa la kijani kati ya madoa mengine, lakini kwa mtu aliye barabarani ni kitu cha kwanza kukiona. Aligeuza picha ya ndege kuwa picha ya mwendesha pikipiki.

Nachingwea inayajua madhara ya kuchora kutoka juu tu. Mwaka 1946 Uingereza ilituma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, kuangalia kama nchi hii ingefaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Mpango ulioanza mwaka uliofuata, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulilenga zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, udongo ulikauka kiangazi ukawa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Jambo hilo halionekani kwa ndege, na wenyeji walioijua ardhi hiyo hawakuwa ndio walioshika kalamu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Ndiyo maana binamu anaweza kumwambia mtu "anzia Stesheni", na kila mtu akaelewa, ingawa hakuna treni.

Ninaposema mchoro wake ni ufundi, namaanisha pia alivyoviacha. Hakuandika majina ya vijiji, hakuweka kaskazini, hakugusa njia nyingine kumi zinazoonekana pale. Harry Beck alifanya kazi ya aina hiyo London, kwa ramani ya treni za chini ya ardhi iliyochapishwa mwaka 1933: aliacha umbali halisi, akanyoosha mistari, akabakiza kile ambacho abiria anahitaji kukijua, yaani apande wapi, abadilishe wapi, ashuke wapi. Mpuliziaji wetu alihitaji aanzie wapi, akunje wapi, na asipite wapi.

Picha aliituma kwa ubora wa juu, kile kitufe cha HD kilichoongezwa mwaka 2023, ili maandishi yasiharibike. Ukiituma kama faili inabaki ilivyo kabisa, ila inakula bando zaidi. Chini yake yakafuata maelezo marefu: beba maji, kule hakuna mtandao, ukifika piga honi mara mbili, mzee yuko ndani kabisa karibu na kichuguu. Nilidhani ameyaandika yote usiku ule. Hapana. Aliandika herufi nne, na simu ikamletea aya nzima. Kwenye mipangilio ya kibodi ya Gboard kuna kamusi binafsi, ambamo unaweka maneno yako na mkato wake. Unapoandika mkato, maneno kamili yanajitokeza juu ya herufi, unayagusa tu. Binamu anaandika mambo kwa ajili ya chama cha msingi cha korosho, na misimu yote ujumbe ni uleule: lini mnada, korosho zikaushwe vipi, nani alete kitambulisho. Ameweka mikato kama kumi. Hili ningependa kila karani wa chama cha msingi alijue, maana nimewaona vijana wakiandika sentensi ileile mara hamsini kwa siku kwa dole gumba moja.

Kuna jambo jingine nimelifikiria nikiwa Ruangwa. Wilaya ile ina madini ya kinywe, na mgodi wa Lindi Jumbo uko huko. Kinywe ndicho kinachosagwa, kikachanganywa na udongo wa mfinyanzi, kikawa wino wa penseli. Hichohicho kimo kwenye upande hasi wa karibu kila betri ya lithiamu ya simu. Mtoto anayechora darasani kwa penseli na binamu anayechora kwa kidole wote wanatumia jiwe la aina moja, na jiwe hilo liko chini ya miguu yao.

Mchoro ule ulikuwa na makosa mawili, na nilimwambia. La kwanza, haukuonesha urefu wa safari. Mpuliziaji alisema alipoukosa mwembe kwa dakika kadhaa alidhani amepotea, akasimama, nusura arudi. Kilomita zisingemsaidia sana, kwa sababu pikipiki nyingi huko kipimo chake hakifanyi kazi. Dakika zingemsaidia. "Dakika kumi na tano mpaka mwembe" ni maneno sita tu.

La pili ni zito zaidi. Picha iliyochorwa haifutiki. Mistari imeshaungana na picha, na mtu akiisambaza inaendelea kusema ilichosema siku ya kwanza. Hii ilisambaa. Msimu uliofuata kijana wa bodaboda aliyetumwa kuchukua magunia ya korosho aliipata kwa mtu wa tatu, akaifuata vizuri kabisa, akapita mwembe, na akaishia kwenye shamba la ufuta. Jirani alikuwa amelima mpaka juu ya kijia. Kijana alizunguka saa nzima.

Hakukuwa na tarehe kwenye picha. Tangu hapo binamu anaandika mwezi na mwaka pembeni, juu kulia, kwa njano ileile, kabla hata hajaanza mstari. Nawe ukichora njia ya kwenda kwenu, anza na tarehe.