Sura ya Kabaila na Mkono wa Mnakili

Katika kila jamii iliyogawanyika kitabaka, watawala hupenda kuonekana, na wanaowalisha hubaki gizani. Kada aliyesoma historia ya ukabaila anaujua ukweli huu. Lakini kuujua tu hakutoshi kumwezesha kuhakiki picha. Wako wenzetu ambao wakioneshwa sura ya mfalme husema kuwa hiyo ni sanaa ya wanyonyaji, wakafunua ukurasa mwingine. Wako na wale wanaoisujudia picha ya asili na kuidharau nakala, kana kwamba thamani ya kazi imo katika upekee wake. Makundi yote mawili yanakosea, na picha za makabaila wa Ufaransa wa karne ya 16 zinatuonyesha kosa lenyewe.

Tuanze na picha ya Mfalme François wa Kwanza, iliyomo katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Inahesabiwa kuwa kazi ya Jean Clouet, na ilichorwa yapata mwaka 1530. Mabega ya mfalme yametanuka hata yanakaribia kujaza upana wote wa ubao. Mkono mmoja umeshika glavu, na mwingine umetulia juu ya mpini wa upanga. Hariri na dhahabu zimetawala; uso ni sehemu ndogo tu. Mtu huyu haonekani kama aliyewahi kushindwa.

Historia inasema vingine. Mwaka 1525 François alishindwa vitani huko Pavia, Italia, akatekwa. Wanawe wawili wakawekwa rehani badala yake, na kwa mkataba wa Cambrai wa mwaka 1529 ikakubaliwa kuwa ilipwe fidia ya sarafu milioni mbili za dhahabu. Ni kweli kwamba makabaila nao walitakiwa kuchangia fidia hiyo. Lakini kodi ya kawaida iliyoitwa taille, iliyoendesha dola mwaka hadi mwaka, iliwalemea wakulima, huku makabaila kwa jumla wakisamehewa. Mwaka huohuo wa 1529 wananchi wa Lyon waliinuka kwa ajili ya uhaba wa nafaka. Basi picha ilipewa kazi ambayo upanga uliishindwa: kumrudishia mfalme heshima yake.

Sasa tuingie katika karakana. Jean Clouet, na baada yake mwanawe François Clouet, hawakuanza na rangi. Mheshimiwa aliketi kwa muda mfupi, akachorwa kwenye karatasi kwa chaki nyeusi na nyekundu. Baadaye, mwenyewe akiwa hayupo, mchoro ule ulitumiwa kutengeneza picha ya rangi, na kutoka hapo nakala za kugawa. Nakala zilikwenda kwa jamaa na marafiki, na picha zilipelekwa katika majumba ya kifalme ya nchi nyingine, hata katika mazungumzo ya ndoa. Malkia Catherine de Médicis alikusanya mamia ya michoro hiyo, na sehemu kubwa imehifadhiwa Chantilly hadi leo. Aliagiza pia watoto wake wachorwe kwa chaki, kwa kuwa ilikuwa njia ya haraka, ili azione afya zao akiwa mbali. Huko Lyon, Corneille de Lyon alichora picha ndogo kuliko ukurasa wa daftari, na nyingi kati ya hizo zilinakiliwa tena na tena.

Kwa hiyo nakala haikuja baadaye kuiba heshima ya picha ya asili. Ilikuwa sehemu ya uzalishaji wenyewe tangu mwanzo. Mfalme alizidishwa kwa mikono ya wasaidizi ambao wengi wao hawakuachiwa hata jina.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Ukilinganisha hatua hizo tatu utaona jambo la ajabu. Katika mchoro wa chaki uso ndio kila kitu. Nguo ni mistari michache tu. Unaona kope zilizochoka, unaona kidevu kinachoanza kuzeeka. Katika picha ya rangi, vito vinaupokonya uso nafasi. Katika nakala nyingi, vito vinabaki timamu lakini uso umekakamaa. Si kwamba mnakili hana ufundi. Mnunuzi alihitaji cheo kitambulike, na cheo hukaa kwenye lulu. Kadiri picha ilivyozidi kusambaa, ndivyo mtu alivyopungua na tabaka lake likaongezeka.

Kazi ya kunakili kwa mkono haikufa na ukabaila, ubepari uliirithi. Mwaka 1989 mfanyabiashara Huang Jiang kutoka Hong Kong alianzisha kazi hiyo katika kijiji cha Dafen, Shenzhen, nchini China. Maelfu ya wachoraji, wengi wao wakiwa wametoka mashambani, wamenakili hapo picha maarufu za Ulaya kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, wakilipwa kwa idadi ya picha. Msukosuko wa uchumi wa dunia wa mwaka 2008 ulipopunguza oda, wao ndio walioumia. Anayeziita kazi zao takataka anamtukana mfanyakazi na kumwacha salama mpangaji wa bei.

Basi, ndugu mwanafunzi, ukikutana na picha ya kabaila usiisujudu wala usiikimbie. Uliza ilitengenezwa kwa hatua zipi, ilipelekwa kwa nani, na nani alilipwa kiasi gani. Kisha tazama uso. Clouet alilitumikia tabaka tawala maisha yake yote, lakini chaki yake, kabla ya hariri kuvalishwa, ilimwona kabaila kama binadamu anayechoka na kuzeeka kama mkulima wake. Hilo hakuagizwa kulisema, na ndilo bora kuliko yote aliyoyasema.