Rejista ya twtxt: jinsi ya kuisimamisha kwenye seva yako bila kugeuka mwenye mali ya wengine

2024-05-14T09:15:00+03:00	Mvua imekata, naelekea sokoni.

Ujumbe mzima wa twtxt ni huo: tarehe na saa, pigo moja la kitufe cha Tab, kisha maneno. Mwandishi anaongeza mstari wake kwenye faili la maandishi matupu, na faili linakaa kwenye tovuti yake mwenyewe. Anayetaka kumfuata anaingiza anwani ya faili hilo kwenye programu yake, na programu inakwenda kulichukua. Hakuna akaunti ya kufungua wala kampuni ya kuombwa ruhusa. Mfumo huu ulitolewa mwaka 2016 na mtengenezaji wa programu wa Ujerumani anayejulikana mtandaoni kama buckket. Ulipata wapenzi wengi kwenye seva za tilde, yaani kompyuta za Unix zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja, ambazo zilivuma baada ya Paul Ford kufungua tilde.club mwaka 2014.

Uhuru huo una upungufu wake. Ukinitaja kwenye faili lako nami sikufuati, sitajua kamwe. twtxt ilijaribu kulijibu hilo mapema: programu inapochukua faili la mtu inaweza kujitambulisha kwa jina la mwenyewe na anwani ya faili lake, na mwenye faili akasoma hayo kwenye kumbukumbu za seva. Lakini mtu aliyeweka faili lake GitHub Pages hana kumbukumbu za kusoma. Na hata mwenye seva yake anawaona tu waliokuja kwake. Aliyemtaja bila kupita hapo hamwoni.

Rejista inaziba pengo hilo. Ni programu inayotunza orodha ya anwani za mafaili, inayoyapitia kila baada ya muda, na kujibu maswali machache kwa maandishi matupu. Ukifungua /api/plain/users unapata watu, /api/plain/tweets inakupa jumbe, /api/plain/mentions inakuonyesha nani kamtaja nani, na /api/plain/tags inakutafutia kwa alama za mada. Kujiandikisha ni amri moja:

curl -X POST 'https://rejista.example/api/plain/users?url=https://asha.example/twtxt.txt&nickname=asha'

Msimamo wangu niuseme mapema, maana ndio unaoamua kila mpangilio unaofuata hapa. Rejista ikizimika leo, pasipotee hata neno moja la mtu. Maneno ni ya wenye mafaili. Wewe unatunza anwani. Msimamizi anayesahau hilo anaanza kuhifadhi asichopaswa kuhifadhi, na huku analegea kwenye kile kidogo alichokabidhiwa.

Kusimamisha programu yenyewe ni kazi nyepesi. Nimetumia getwtxt, iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kutolewa kwa leseni huria. Unachukua msimbo wake kwa git, unaendesha make, kisha make install, na unapata faili moja la kuendeshwa pamoja na faili la mipangilio liitwalo getwtxt.yml. Iendeshe chini ya mtumiaji wake wa pekee asiye na uwezo wa kuingia kwenye mfumo, iache systemd iiwashe, na mbele yake weka Nginx au Caddy ya kushughulikia cheti cha TLS. Programu yenyewe husikiliza mlango wa 9001. Hakikisha mlango huo haufikiki kutoka nje. Nywila ya msimamizi iliyomo kwenye faili la mipangilio ibadilishwe kabla ya kuwasha, na faili lisomwe na mtumiaji huyo peke yake.

Mipangilio miwili inahitaji kufikiriwa kwa utulivu. Wa kwanza unaamua data iandikwe kwenye diski kila baada ya muda gani, kwa sababu getwtxt inafanya kazi zake kwenye RAM na kumwaga kwenye hifadhidata kwa vipindi. Ukiweka dakika 5, umeme ukikatika unapoteza usajili wa dakika 5 za mwisho. Hayo si maafa: waliojisajili wakati huo watarudia amri ile.

Wa pili unaamua rejista ipitie mafaili ya watu kila baada ya muda gani, na hapa msimamizi anagusa mifuko ya wengine. Chukua faili la KB 200, ukubwa wa kawaida kwa mtu aliyeandika kwa miaka michache. Ukilivuta zima kila saa ni MB 4.8 kwa siku, karibu MB 144 kwa mwezi, na hiyo ni rejista moja. Mwenye faili aliyeliweka kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwake Kisumu au Tanga, kwa laini ya simu, analipia hizo MB kutoka kwenye bando lake. Kwa hiyo rejista iulize kwanza kama faili limebadilika, ilichukue tu likiwa limebadilika. Kuna wanaouliza kwa tarehe ya mabadiliko, na seva ya mwenye faili inajibu 304, jibu lisilobeba faili lenyewe. Wengine wanauliza urefu wa faili tu. Njia hii ya pili ina tundu: mtu akibadilisha neno moja kwa jingine lenye herufi zilezile kwa idadi, urefu haubadiliki, na rejista inaendelea kuonyesha neno la zamani. Usikubali maelezo ya programu kwa macho tu. Sajili faili lako mwenyewe, kisha kaa kwenye kumbukumbu za seva yako uone linavyochukuliwa.

Sasa usalama, sehemu ambayo miongozo mingi inapita haraka. Rejista ni programu inayotii anwani yoyote inayopewa na mtu yeyote. Mgeni akisajili http://127.0.0.1:8080/ kama faili lake, seva yako inakwenda kugonga milango ya ndani ambayo yeye asingeifikia. Akisajili 169.254.169.254, kwenye seva nyingi za kukodi amegonga anwani inayotoa taarifa za ndani za mashine yenyewe. Ni kweli kwamba rejista huchapisha mistari yenye tarehe sahihi tu, kwa hiyo si rahisi siri kutoka moja kwa moja, ila mtu anaweza kujua mlango upi uko wazi, au kuamsha jambo kwenye programu ya ndani kwa ombi lako.

Wengi wanakimbilia IPAddressDeny=localhost ndani ya systemd. Haifai hapa, kwa sababu inakata pande zote mbili, hata Nginx inayoongea na rejista kupitia anwani hiyohiyo ya ndani. Kinachofaa ni kanuni ya nftables inayomtazama mtumiaji wa programu: miunganisho mipya anayoianzisha yeye kwenda 127.0.0.0/8, 169.254.0.0/16 na mitandao ya binafsi ikataliwe, na mlango wa 53 uachwe wazi kama mashine inatafuta majina ya tovuti kupitia 127.0.0.53. Majibu yanayorudi kwa Nginx ni ya muunganisho uliokwisha kuanzishwa na Nginx, kwa hiyo kanuni hiyo haiyagusi. Fanya vivyo hivyo kwa IPv6, maana ::1 ni mlango uleule kwa jina jingine. Kisha weka MemoryMax kwenye systemd, kwani faili lisilo na mwisho linaweza kula RAM yote, na weka limit_req ya Nginx kwenye usajili.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni saa. Mtu wa Nairobi anaandika saa tatu na robo asubuhi, na mstari wake unabeba 09:15:00+03:00. Mwenzake wa Berlin, wakati wa kiangazi, anaandika 08:30:00+02:00. Rejista inayopanga mistari kama maandishi itasema wa Nairobi aliandika baadaye, kwa kuwa 09 huja baada ya 08. Ukizirudisha zote kwenye UTC unapata 06:15 na 06:30: wa Berlin ndiye aliyefuata, dakika 15 baadaye. Mazungumzo yaliyopangwa vibaya hivyo hugeuka vurugu, jibu likitangulia swali. Na mtu ambaye kalenda ya kompyuta yake imekosewa, akaandika mwaka 2031, atakaa juu ya orodha ya wote kwa miaka. Mstari wa wakati ujao usionyeshwe hadi wakati wake ufike.

Dawa iliyo dhahiri ni kubadilisha saa zote kuwa UTC na kuzihifadhi hivyo. Nayo ina hasara. Mradi wa Yarn.social uliojengwa juu ya twtxt unautambua kila ujumbe kwa alama fupi inayokokotolewa kutoka anwani ya faili, wakati na maneno. Wakati huo unaingia kwenye hesabu pamoja na +03:00 yake. Rejista ikiutoa ukiwa umegeuzwa kuwa 06:15:00Z, msomaji anayekokotoa upya anapata alama nyingine kabisa, na jibu linatengana na swali lake. Kwa hiyo panga kwa UTC, toa kama mwandishi alivyoandika. Ndiyo heshima ileile: mstari si wako, usiunyooshe.

Kuhusu nakala za akiba, LevelDB, hifadhidata inayotumiwa na getwtxt, inakubali programu moja tu kuifungua kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayenakili folda yake aisimamishe rejista kwanza. Mimi sipendekezi kunakili folda hiyo kabisa. Kila usiku vuta /api/plain/users ukurasa kwa ukurasa hadi ukurasa usilete jina jipya, na uhifadhi majina na anwani. Diski ikifa, unasimamisha rejista mpya, unaisajilia anwani hizo moja moja kwa amri ile ya curl, na yenyewe inakwenda kuyachukua mafaili upya. Kuna sababu nzito kuliko wepesi. Mtu akifuta mstari kwenye faili lake, amefuta. Pengine alitaja mahali anapoishi, au jina la mtoto. Nakala ya folda nzima ikirudishwa baada ya mwezi inaweza kuufufua mstari huo mbele ya watu. Orodha ya anwani haina uwezo huo.

Hilo hasa lijaribiwe kabla ya kumkaribisha mtu yeyote. Andika mstari kwenye faili lako, subiri uonekane kwenye rejista, kisha ufute na ungoje zaidi ya kipindi kimoja cha kupitia mafaili. Utafute kwenye jumbe, kwenye mitajo na kwenye alama za mada, kila mahali kwa zamu. Ukiukuta bado, funga njia ya usajili kwenye Nginx na usiifungue hadi utakapoukosa pote patatu.